MJADALA: Ruzuku ya magari ya umeme, tunamlipia nani?

Mleta mada, Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Jirani yangu wa zamani, siku hizi anakaa Ilazo, hapa hapa Dodoma, ameagiza gari dogo la umeme, mtumba kutoka Japani. Jumamosi kaja nalo mtaani, watoto wakalizunguka maana lilifika mlangoni bila mtu kulisikia. Tukakaa barazani, na kabla chai haijapoa hoja ikawa imeshaiva: anasema serikali ingefuta kodi zote kwenye magari ya umeme, na ikiwezekana iongeze na hela juu, "kama wenzetu wanavyofanya". Nikamwambia hapana. Tukabishana mpaka saa mbili usiku, akaondoka kimya kimya. Gari halina mlio, na mwenyewe hakuaga.

Naileta kwenu. Msimamo wangu: gari binafsi la umeme lisipewe hata senti moja ya ruzuku. Na kwa kuwa kila mtu hapa ana upande wake, wangu ni huu: ni mtumishi wa umma, kila asubuhi napanda basi kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, na nina pikipiki mbili za mkataba kijiweni. Jioni napokea hesabu. Bei ya petroli naijua kuliko bei ya unga.

Tupige hesabu kidogo. Gari limefika bandarini kwa milioni 25. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 6.25. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yake, inakuja milioni 5.6 na ushee. Tozo nyingine sijazigusa. Ukifuta hizo mbili tu umemwachia mtu mmoja karibu milioni 11.9, na mtu mwenyewe ni yule ambaye tayari alikuwa na milioni 25. Pengo hilo nani ataliziba? Ni mama anayenunua sabuni soko la Majengo, naye VAT yake hakuna anayemfutia.

Marekani waliliona hili zamani. Wachumi wawili, Severin Borenstein na Lucas Davis, walipekua kumbukumbu za kodi wakachapisha matokeo mwaka 2016: unafuu wa kodi uliotolewa kwa magari ya umeme, karibu asilimia 90 ulichukuliwa na moja ya tano ya walipakodi, wale wa kipato cha juu kabisa. Kama kule ambako fundi bomba ana gari ilikuwa hivyo, hapa itakuwaje?

Karibuni. Matusi yaacheni nyumbani.

Denti wa UDOM

Shikamoo mleta mada. Umeleta Marekani, mimi nakuletea Norway.

Norway walianza kufuta kodi ya usajili kwa magari ya umeme tangu 1990, na mwaka 2001 wakaondoa VAT ambayo kwao ni asilimia 25. Wakawaachia wapite barabara za kulipia bure, wakawaruhusu njia za mabasi. Watu walicheka. Mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa pale yalikuwa ya umeme. Na walipoona limeshika kasi wakaanza kurudisha kodi pole pole: mwaka 2023 walianza na magari ya bei inayozidi krona 500,000, ile ziada ikalipiwa VAT. Yaani mtoto amejifunza kutembea, ukamwachia mkono.

China vivyo hivyo. Ruzuku ya ununuzi ilianza 2009, ikafungwa mwisho wa 2022. Leo nani anaiuzia dunia hayo magari?

Kuhusu matajiri: simu ya mkononi nayo ilianza kwa matajiri, mtu anaivaa kiunoni kama bastola. Leo mchunga mbuzi wa Bahi anayo. Kitu kipya lazima kianzie kwa mwenye nacho ndipo kishuke.

Zabibu Chungu, Mpunguzi

Denti, Norway wanauza mafuta na gesi dunia nzima, hela yake wanaiweka akiba, wao wenyewe wanatembelea umeme wa maporomoko ya maji. Sisi huku tunauza zabibu kwa dalali anayekuja na mizani yake.

Ruzuku niliyowahi kuiona kwa macho yangu ni ya mbolea, msimu wa 2022/23, zile bilioni 150. Nikaandikishwa, nikapewa namba, nikakaa foleni mpaka jua likanihesabu mbavu, lakini mfuko nilirudi nao nyumbani. Hiyo ya magari mtanionyesha mfuko wangu uko wapi.

Mzee wa Kizota

Wanangu, nimeendesha malori miaka thelathini na moja, kwa hiyo mafuta nayafahamu kwa harufu.

Mnasema ruzuku ya gari ni ya matajiri. Sawa. Juni 2022 petroli ilipovuka elfu tatu, serikali iliweka shilingi bilioni 100 kupoza bei, na miezi iliyofuata ikaendelea. Kuna aliyefungua mada hapa kuuliza nani anafaidi? Ruzuku ile ilikuwa kwa lita. Bodaboda anaweka lita mbili, V8 linaweka tangi zima. Kila ukikanyaga mafuta, serikali inakuongezea. Tena hela ile ikishaungua imeungua, hakuna betri wala nguzo wala fundi aliyebaki nyuma yake. Moshi tu. Mbona mlinyamaza?

Halafu kuna suala la dola. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, wafanyabiashara walihaha hapa. Mafuta yote ya petroli na dizeli tunayachoma kwa dola. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115, na maji ya Rufiji hayajawahi kudai dola. Gari likitembelea umeme ule, dola inabaki kununulia dawa. Mimi kwa hilo tu ningetoa ruzuku, hata kama wa kwanza kufaidi ni jirani wa Ilazo. Wivu usituongoze.

Mleta mada, Nkuhungu

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye bilioni 100 umenibana, nakiri. Sikupiga kelele kwa sababu madereva wangu walikuwa wanapumua. Ila ubaya wa jana hauhalalishi wa leo. Nipe ruzuku isiyomtazama V8, nitakusikiliza.

Mtumba Express

Kuna kitu watu wanakiruka. Gari la umeme TAYARI lina ruzuku nchi hii, ila haijaandikwa popote.

Barabara tunazilipia kwenye lita. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani, zile za TARURA. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi mikubwa. Chukua gari la kawaida linalokula lita 10 kwa kilomita mia, linatembea kilomita 15,000 kwa mwaka: lita 1,500. Nyongeza hizo mbili tu ni shilingi laki tatu kwa mwaka, kabla hujahesabu tozo zilizokuwepo zamani. Mwenye gari la umeme analipa ngapi kwa barabara ileile? Sifuri. Na gari lake kwa sababu ya betri ni zito kuliko lako.

Mnakumbuka mapendekezo ya bajeti ya Juni 2024? Magari ya gesi yaliwekewa pendekezo la shilingi 382 kwa kilo ili nayo yachangie barabara. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Sasa tukiyazoesha ya umeme kutolipa kitu, siku ya kuyaambia yalipe itakuwaje?

Kuweka ruzuku ni rahisi kama kumbeba mtoto mgongoni, kesi ni kumshusha. Ujerumani waliwalipa wanunuzi wa magari ya umeme tangu 2016, kama euro bilioni 10 zikatoka. Novemba 2023 mahakama ya katiba ikawabana kwenye bajeti, Desemba wakatangaza inafungwa kesho yake. Mauzo ya magari ya umeme mwaka 2024 yakaanguka kwa zaidi ya robo. Marekani nao dola 7,500 kwa gari walizifunga tarehe 30 Septemba 2025. Soko linalosimama kwa kushikiliwa, ukiliachia linakaa chini.

Mimi siko upande wa kufuta kodi wala wa kuongeza. Nasema kila chombo kilipe barabara, basi.

Hesabu Jioni, kijiwe cha Jamatini

Wakubwa mnaongea magari, mimi naomba niongee pikipiki maana nimeendesha ya umeme miezi kumi na moja. Wengi wenu humu mmeziona zikipita tu.

Niliichukua kwa mkopo: kianzio laki sita, halafu elfu kumi na mbili kila siku. Muuzaji simtaji. Mwezi wa kwanza nilikuwa mfalme. Kijiwe kizima wanatoa buku saba, buku nane za wese kwa siku, mimi nachaji usiku nalala. Hamna kumwaga oili, hamna plagi. Asubuhi saa kumi na moja unapita Area D mbwa hawakusikii. Abiria wa kike ndio walikuwa wanaipenda, hasa wa ofisini, hainuki kwenye nguo.

Ila nawapa na upande wa pili. Waliniambia kilomita themanini. Themanini hizo ni za mtu mmoja mwembamba kwenye lami tambarare. Ukipiga mshikaki na kiroba cha mchele kuelekea Ntyuka, zile taa za betri zinashuka unaziona. Siku moja nimeanza kupandisha zikiwa tatu, nafika juu imebaki moja inapepesa. Nikashuka na mteja wangu tukateremka kwa neutro, bahati yangu ni mteremko.

Sasa sikilizeni la umeme. Nimepanga chumba, nyumba ina wapangaji watano, LUKU moja. Nyumba ilikuwa kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, uniti shilingi 122, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki yangu peke yake inakula kama uniti tatu na nusu kwa siku. Piga mara siku 26, ni 91. Mwezi wa pili nyumba nzima ikahamishiwa kwenye uniti ya 356. Wapangaji walinikalia kikao kama mwizi wa kuku. Mama mwenye nyumba akaniambia mwanangu nakupenda lakini hicho kidude kisichomekwe tena hapa. Ikabidi nichaji kwa fundi seremala, elfu mbili betri ikijaa. Na umeme ukikatika mchana umekaa, unaangalia wenzako wanapishana.

Mwezi wa kumi na moja betri ikagoma. Naenda dukani, nakuta kufuli, jirani zake wananiambia wamehama mkoa. Nikapeleka kwa mafundi watatu hapa mjini. Wote wanasema ile betri ina ubongo wake, ukiifungua inajifunga mpaka aje mwenye programu. Pikipiki ipo chini ya mwarobaini, kuku wanaitagia. Nimerudi kwenye petroli.

Kwa hiyo mkiniuliza ruzuku ya kupunguza bei, sikuikosa hiyo. Nilikosa sehemu ya kuchaji isiyo ya kugombana, betri ambayo naweza kuitoa nikaweka ya mwingine, na mtu wa kumshika koti muuzaji akihama. Mngenipunguzia laki tatu kwenye kianzio ningeishia palepale chini ya mwarobaini, ila nimefika kwa bei nafuu.

Denti wa UDOM

Kaka pole sana. Hii inapaswa kusomwa bungeni.

Zabibu Chungu, Mpunguzi

Kuku wanataga kwenye ruzuku 😂

Fundi Umeme, Makole

Hesabu Jioni kaongea kweli tupu. Niongeze la kwangu kwa ufupi, niko kazini.

Umeme kuwepo Rufiji si sawa na umeme kuwepo kwenye soketi yako. Katikati kuna laini ndefu, kuna kituo cha kupozea umeme cha Zuzu, kuna laini za mitaani, halafu kuna transfoma. Mitaa mingi inakula kwenye transfoma ya kVA 50 au 100, yaani haibebi zaidi ya kilowati 50 au 100. Gari dogo la umeme ukilifungia chaja ya ukutani linavuta kilowati 7. Magari saba ya Ilazo yakichomekwa pamoja saa mbili usiku, wakati watu wanapika na kupiga pasi, kVA 50 imejaa na nyumba ya nane inaona taa nyekundu kama kaa. Chaja ya pikipiki ni chini ya kilowati moja. Pikipiki hamsini na gari saba zinavuta karibu sawa. Sasa niambieni familia ngapi zinakula kwa pikipiki hamsini.

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao bado. Mashine za bwawa zilianza kuwashwa Februari mwaka huo, zikakamilika 2025. Tatizo la kuzalisha limepungua sana, la kusambaza lipo. Kama hela ipo, nunueni transfoma, na muweke bei ya usiku. Wakenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri, na usiku ni nafuu zaidi. Ile ya usiku haiigharimu serikali chochote, maji ya bwawa yapo yanasubiri.

Na la LUKU ya pamoja dawa yake ni mita yake ya kuchajia, hata kijiweni. Nguzo ipo pale.

Mzee wa Kizota

Fundi, transfoma nayo si ruzuku?

Fundi Umeme, Makole

Ni ruzuku mzee, ila hata muuza juisi wa mtaa huo anaitumia.

Denti wa UDOM

Naona wote tunaelekea kwenye pikipiki, na siwapingi. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Bodaboda wa lita mbili na nusu kwa siku anakaribia kilo sita. Zidisha kwa vijiwe vyote vya jiji.

Lakini tazameni majirani, maana Norway mmenikatalia. Rwanda mwaka 2021 walifuta VAT na ushuru wa kuingiza vyombo vya umeme, wakaweka bei ya umeme ya viwandani kwenye kuchaji, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria ya petroli haisajiliwi tena Kigali. Ethiopia walikata mzizi kabisa: Januari 2024 wakapiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Hawakuwa na dola za mafuta, lakini mabwawa wanayo. Hali yao na yetu si mbali, kama mzee alivyosema.

Mtumba Express

Ethiopia ukitoka Addis Ababa tafuta pa kuchaji, utalala njiani. Na marufuku haitufai sisi ambao mahindi ya Kibaigwa yanakwenda kwa lori la dizeli. Rwanda sawa, nchi ndogo, Kigali yote unaizunguka kwa chaji moja. Dodoma kutoka Msalato mpaka Mtumba peke yake ni safari.

Jirani wa Ilazo

Nimetumiwa mada hii na watu watatu. Mimi ndiye huyo tajiri.

Kwanza, niliaga. Dada hakusikia kwa sababu alikuwa bado anaongea.

Pili, milioni zile nilizitoa SACCOS, nakatwa mshahara mpaka 2029. Naendesha kwenda Mtumba na kurudi, kama kilomita 40 kwa siku, nimebeba wenzangu watatu, na wote wananichangia. Petroli ilikuwa inanila zaidi ya laki mbili na nusu kwa mwezi. Sasa hivi LUKU imeongezeka kama elfu hamsini hivi. Hiyo ndiyo anasa yangu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: nilipolileta gari, hakuna fundi Dodoma aliyekubali kuligusa. Mmoja tu, kijana, alisema nipe wiki mbili nijifunze. Akanunua glovu za umeme mkubwa kwa hela yake, akakaa na simu anasoma. Leo analihudumia langu na mengine mawili. Pikipiki ya Hesabu Jioni ikiletwa kwake anaweza kuijaribu, maana ubongo wa betri ameanza kuuelewa kupitia gari langu. Bila magari hakuna mafundi, bila mafundi hakuna magari. Mtu wa kwanza analipa ada ya darasa la wote. Ruzuku ni kumrudishia sehemu ya ada hiyo. Hata mzee aliyenunua lori la kwanza la Toyota mtaani kwao miaka ile, si yeye aliyefundisha mafundi?

Hesabu Jioni, njoo inbox nikupe namba ya kijana.

Hesabu Jioni, kijiwe cha Jamatini

Nimekuja.

Mleta mada, Nkuhungu

Karibu jirani. Kuaga kwa kupunga mkono gizani si kuaga.

La fundi kijana limenigusa, sitabisha. Lakini tazama ulichothibitisha. Umenunua BILA ruzuku. Umekopa, unaokoa laki mbili kwa mwezi, na wenzako wanakuchangia. Kama chombo kinajilipa chenyewe hivyo, milioni 11.9 ya umma ingenunua nini ambacho hukukinunua? Ingekushukuru tu kwa uamuzi ulioshauamua. Na yule kijana asingepata hata shilingi ya msamaha wa kodi unaouomba, alijinunulia glovu. Hela ya kumsomesha yeye na wenzake ishirini pale VETA naiunga mkono kesho asubuhi.

Nimekaa na kalamu baada ya kumsoma Hesabu Jioni. Bodaboda kilomita 100 kwa siku: petroli lita mbili na nusu, tuseme lita ni 2,900, ni shilingi 7,250. Umeme, nimpe uniti tano kamili pamoja na inayopotea kwenye chaja, kwa 356 ni 1,780. Anabakiwa na 5,470 kila siku. Kwa siku 26 ni laki moja na arobaini na mbili. Kwa mwaka inapita milioni na laki saba. Mtu anayeweza kuokoa hivyo hahitaji kuhurumiwa bei, anahitaji kianzio na mtu wa kumdhamini, kwa sababu benki ikisikia bodaboda inafunga dirisha. Laki tano za kianzio kwa mtu mmoja: ule msamaha wa gari moja la milioni 25 unawatosha watu 23. Na hela yenyewe ikiwa dhamana badala ya zawadi, inarudi ikazunguka tena.

Tena jamani, usafiri wa umeme wa umma tumeshaulipia, tena pakubwa. SGR inatembea kwa umeme kutoka Dar mpaka hapa tangu Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilianza elfu 31. Ndani yake namkuta mbunge na namkuta muuza karanga wa Kongwa anakwenda kumwona mwanae. Hiyo ruzuku sijawahi kuilalamikia. Ninapolalamika ni pale treni inaponishusha, halafu kutoka stesheni mpaka nyumbani nabebwa na moshi.

Mzee wa Kizota

Mwanangu unaongea vizuri ila umeikwepa dola. Magari binafsi nayo yanakunywa petroli ya dola. Jirani akiwa mmoja sawa, wakiwa elfu kumi je? Hao hawatakuja bila kuvutwa.

Mleta mada, Nkuhungu

Mzee, sijaikwepa, naipima. Gari la jirani linakaa Mtumba kwa muda wa saa tisa limeegeshwa, bodaboda na daladala haziegeshwi. Shilingi ileile ukiiweka kwenye chombo kinachozunguka kutwa, inaokoa lita nyingi zaidi. Daladala za Jamatini kwenda Nzuguni na zile za Mtumba zinarudia njia moja siku nzima, kituo kimoja cha kuchaji kinazitosha. Nianzie hapo. Wenye magari binafsi wakiona linalipa watakuja wenyewe, kama jirani alivyokuja.

Kwenye ushuru nitalegea kidogo: betri peke yake, ya pikipiki na bajaji, na vipuri vya chaja, iingie bila ushuru, lakini kwa sharti kwamba betri iwe ya kubadilishana, fundi yeyote aruhusiwe kuifungua, na muuzaji awe ameweka dhamana serikalini, itumike siku akihama. Sharti kwanza, msamaha baadaye.

Mtumba Express

Na barabara atalipa?

Mleta mada, Nkuhungu

Atalipa. Gari binafsi la umeme lilipe ada ya barabara ya mwaka, hiyo laki tatu uliyopiga naiona si mbaya. Bodaboda mwacheni miaka mitatu kwanza.

Jirani wa Ilazo

Yaani nimekuja kuomba punguzo, naondoka na deni la laki tatu.

Zabibu Chungu, Mpunguzi

Karibu kwenye kilimo.

Denti wa UDOM

Swali moja kwa wote. Madini ya kinywe (grafiti) yapo Mahenge, nikeli ipo Kabanga, vyote vinaingia kwenye betri. Ruzuku ingewekwa kwenye kutengeneza betri hapa badala ya kununua?

Fundi Umeme, Makole

Fungua mada yake hiyo mdogo wangu, ni ndefu. Kutoka jiwe mpaka betri kuna viwanda kadhaa katikati.

Hesabu Jioni, kijiwe cha Jamatini

Mrejesho. Nimempelekea kijana wa gari la jirani ile betri. Kaiangalia, hajaifungua bado. Anasema seli kama nne zimekufa, nyingine nzima, shida ni kile kikadi cha ndani. Anatafuta kingine. Gharama hajaniambia, kasema kwanza niwatoe kuku.

Mleta mada, Nkuhungu

Pikipiki yangu ya pili kesho inashushwa injini, ringi zimekwisha. Nimemwambia dereva akiwa huko mjini aulizie bei ya betri peke yake, bila pikipiki, na kama yupo muuzaji anayekubali kuandika kwenye karatasi kwamba fundi wa nje anaruhusiwa kuigusa. Hesabu Jioni, kijana akimaliza niambie alichokutoza, chote, hata ya glovu.